Haki ya mlaji isiishie bandarini

Biashara ni mapatano. Muuzaji hutoa bidhaa, mnunuzi hutoa fedha, na kila mmoja huondoka akiwa ameridhika kwamba alichokipata kinalingana na alichokitoa. Upande mmoja ukiyavunja mapatano hayo kwa makusudi, au ukikataa kurekebisha kasoro iliyojitokeza, jambo hilo huacha kuwa biashara na kugeuka dhulma iliyovishwa kanzu ya biashara. Kanuni hii ni kongwe kuliko soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, wala haikubadilika kwa sababu tu soko limehama kutoka mabarazani na kuingia ndani ya simu za mkononi.

Kwamba soko limehama, hapana shaka. Kuanzia Mji Mkongwe hadi Makunduchi, na kuanzia Fuoni hadi Nungwi, wananchi wengi wa Unguja hivi sasa hununua vitu bila ya kumwona muuzaji wala kitu chenyewe. Picha ya jokofu, ya simu au ya mashine ya kufulia huonekana katika Instagram au katika kundi la WhatsApp. Bei hutajwa, maelewano hufanyika kwa ujumbe mfupi, fedha hutumwa kwa simu, na baada ya siku mbili tatu mzigo hushushwa kutoka kwenye boti katika bandari ya Malindi.

Maendeleo hayo si ya kubezwa hata kidogo. Mtumishi wa serikali hana tena haja ya kuomba ruhusa ya siku nzima na kulipa nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam ili anunue pasi au feni. Mama aliyepo Chwaka anaweza kulinganisha bei za wauzaji kumi wa Kariakoo akiwa amekaa ukumbini kwake. Zamani mnunuzi wa kisiwani alilazimika kukubali bei ya duka lililokuwa karibu naye, au kukaa bila ya kitu. Leo ana uchaguzi, na uchaguzi ni nguvu.

Taabu huanza pale mzigo unapofunguliwa. Mfano mmoja utatosha. Mwalimu wa skuli ya shamba anaagiza kompyuta ndogo ya kutayarishia masomo yake, ambayo tangazo limesema kwamba ni mpya. Anapoifungua anaona kwamba betri haikai na umeme, na kwamba baadhi ya vitufe vya herufi havifanyi kazi. Anampigia simu muuzaji. Mara ya kwanza anajibiwa kwa upole aizime na kuiwasha tena. Mara ya pili anaambiwa kwamba umeme wa Zanzibar ndio ulioiharibu. Mara ya tatu simu inaita bila ya kupokelewa. Hatimaye anagundua kwamba amezuiwa asiweze hata kuliona tangazo lililomvutia. Fedha alizolipa ni akiba ya miezi kadhaa ya mshahara wa ualimu. Mwalimu huyo ni wa kubuni, lakini ni vigumu kupata ofisi au chumba cha walimu Unguja ambamo kisa chake kingewashangaza wasikilizaji.

Swali la kujiuliza ni moja: Je, mwalimu huyo anayo haki yoyote? Na kama anayo, aifuate wapi?

SHERIA ZIPO

Jibu la swali la kwanza ni rahisi. Haki anayo, tena ni kubwa kuliko anavyodhani. Sheria ya mauzo ya bidhaa ambayo Afrika Mashariki iliirithi kutoka kwa Waingereza inafuata mfano wa sheria yao ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo ni lazima ilingane na maelezo hayo, na kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara ni lazima iwe na ubora wa kutosha kuuzika na ifae kwa kazi aliyoikusudia mnunuzi. Masharti haya hayahitaji kuandikwa wala kutamkwa, kwa kuwa sheria yenyewe inayaingiza ndani ya mapatano. Bidhaa inayonunuliwa kwa kutazama picha ni bidhaa iliyouzwa kwa maelezo, hata kama wakati sheria ile inatungwa hakuna aliyeota kwamba siku moja kutakuwa na simu yenye picha.

Zaidi ya hayo, Zanzibar imejitungia sheria yake. Mwaka 1995 ilitungwa sheria ya biashara halali na ya kumlinda mlaji, na mwaka 2018 ikatungwa sheria mpya ya ushindani halali na ya kumlinda mlaji. Sheria hiyo mpya ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo wengi huijua kwa kifupi cha ZFCC. Tume hiyo ndiyo mlango wa mwananchi aliyedanganywa au aliyeuziwa kitu kibovu. Pembeni yake ipo Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba bidhaa zinazotumika nchini zinatimiza viwango.

Kwa upande wa Bara ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo nayo inakataza matangazo ya udanganyifu, na ina sehemu nzima inayohusu masharti yasiyotamkwa katika mikataba ya walaji. Mwaka 2015 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ambayo iliutambua mkataba uliofungwa kwa njia ya mtandao kuwa ni mkataba kamili, na ikamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina na kwa anwani ya mahali alipo. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliirekebisha miongozo yake ya kuwalinda walaji, iliyopitishwa mara ya kwanza mwaka 1985, na ukatamka kwamba ulinzi wa anayenunua mtandaoni usiwe pungufu ya ule wa anayenunua dukani.

Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba nchi haina sheria. Pengo liko mahali pengine.

MKONDO WA BAHARI

Pengo hilo liko baharini, baina ya Malindi na Dar es Salaam. Biashara ya ndani na ulinzi wa mlaji si miongoni mwa Mambo ya Muungano. Tume ya Zanzibar ina mamlaka Zanzibar, na sheria ya mwaka 2003 ni ya Tanzania Bara. Mpangilio huo una sababu zake na haukuwa na madhara makubwa wakati muuzaji na mnunuzi walipokuwa mtaa mmoja. Mtu aliyeuziwa redio mbovu Mlandege aliirejesha Mlandege, na muuzaji akikaidi, ofisi ya serikali ilikuwa mwendo wa miguu kutoka hapo.

Hivi leo mnunuzi yuko Unguja na muuzaji yuko Kariakoo. Mlalamikaji akifika katika ofisi ya Zanzibar, anayelalamikiwa hayupo katika kisiwa hiki. Akiambiwa apeleke shauri lake Bara, atahitaji kulifuata kwa nauli, malazi na siku za kazi, mambo ambayo kwa pamoja yanaweza kuizidi thamani ya kompyuta yenyewe. Akiamua kwenda mahkamani atakutana na hesabu hiyo hiyo, tena ikiwa kubwa zaidi. Mwishowe hufanya wanavyofanya wengi: husonya, humwachia Mungu, na huitupa kompyuta juu ya kabati. Haki ambayo gharama ya kuidai inazidi thamani ya kitu kinachodaiwa ni haki ya kwenye makaratasi tu.

Hapa kuna jambo la kushangaza ambalo linafaa kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyepokea fedha na asipeleke kitu chochote ni mwizi, na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 inatumika pande zote mbili za Muungano. Polisi wa Unguja na polisi wa Dar es Salaam ni jeshi moja. Lakini mtu aliyepokea fedha na kupeleka kitu kibovu si rahisi kuitwa mwizi, kwani ametuma kitu, na anaweza kudai kwamba hakujua kasoro yake. Basi huyo wa pili anapita katika tundu ambalo wa kwanza hawezi kupita. Walaghai wenye akili wamekwisha kulijua hilo. Kupeleka kitu kibovu kumekuwa salama zaidi kwao kuliko kutopeleka kabisa.

Mambo yalizidi kuwa magumu baada ya masoko makubwa ya mtandaoni kupungua. Jumia ilipofunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi Novemba mwaka 2019, liliondoka soko lililokuwa na jina, ofisi na utaratibu wa kupokea bidhaa zilizorejeshwa. Biashara haikufa. Ilisambaa katika kurasa za watu binafsi, ambako duka zima ni namba ya simu na picha kadhaa, na ambako duka hilo linaweza kufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi kwa jina jingine.

VISINGIZIO VYA MUUZAJI

Muuzaji asiye mwaminifu ana visingizio vitatu anavyovipenda. Cha kwanza ni kusema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa kana kwamba ni kifungu cha Katiba. Tangazo la muuzaji haliwezi kuifuta sheria ya nchi. Anaweza kukataa kurejeshewa kitu kizima ambacho mnunuzi amebadilisha mawazo tu, kama hakuna sheria inayomlazimisha kukipokea. Hawezi kujikinga kwa tangazo hilo pale kitu kinapokuwa na kasoro.

Kisingizio cha pili ni umeme. Muuzaji husema kwamba kitu kilitoka kwake kikiwa kizima, kikaunguzwa na umeme wa kisiwani. Huenda ikawa kweli mara moja moja. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na waya wa pili mkubwa zaidi uliongezwa mwaka 2013. Umeme unaolaumiwa ni ule ule wa gridi ya Taifa unaowasha taa za duka lake. Jambo la msingi ni hili: nani athibitishe? Mlaji hana maabara, wala hana fundi wa kumlipa. Nchi nyingine zimelitatua suala hilo kwa kuuhamisha mzigo wa ushahidi. Uingereza, kwa sheria yake ya haki za walaji ya mwaka 2015, ilimpa mnunuzi siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro na kurejeshewa fedha zake. Kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Kisingizio cha tatu ni gharama ya kurejesha. Muuzaji hukubali kwa maneno matamu kwamba kitu kirudishwe, ila nauli ya boti iwe juu ya mnunuzi, na kikifika kitachunguzwa. Mnunuzi hulipa mara ya pili kwa kosa lisilo lake, na kitu kikishavuka bahari anakuwa amepoteza kitu na fedha kwa pamoja. Haki inataka aliyepeleka kitu kibovu ndiye abebe gharama ya kukirudisha.

MAFUNZO YA KALE

Kuna wanaodhani kwamba kununua kitu kisichoonekana ni jambo jipya lililoletwa na intaneti, na kwa hiyo taratibu zake ni lazima ziagizwe kutoka nje. Fikra hiyo si sahihi. Mafakihi wa Kiislamu, ambao mafundisho yao yameongoza biashara ya mwambao huu kwa karne nyingi, walilijadili suala hilo zamani. Waliijua bei ya salam, ambayo fedha hulipwa kwanza na bidhaa hukabidhiwa baadaye. Waliiruhusu, lakini kwa masharti: aina ya kitu, sifa zake, kiasi chake na wakati wa kukabidhi vijulikane barabara. Kitu kikija kinyume na sifa zilizotajwa, mnunuzi halazimiki kukipokea. Aidha, walithibitisha khiyari ya aibu, yaani uchaguzi wa mnunuzi wa kukirejesha kitu alichokikuta na kasoro ya tangu mikononi mwa muuzaji. Mzee wa Hurumzi au wa Mkunazini aliyepita chuoni hawezi kushangazwa na habari ya haki za mlaji. Atashangaa kuambiwa kwamba ni jambo la kigeni.

Historia ya kiuchumi ya visiwa hivi nayo ina somo lake. Kwa miaka mingi Zanzibar yenyewe ndiyo iliyokuwa muuzaji wa ng'ambo, asiyeonekana na mnunuzi wake. Mfanyabiashara wa India au wa Indonesia hakuja Unguja au Pemba kuzitazama karafuu zikianikwa juu ya majamvi. Alinunua kwa jina na kwa daraja. Jina hilo lingeharibika upesi kama magunia yangefika yakiwa na makonyo mengi au yenye unyevu. Kwa sababu hiyo karafuu ziliwekewa ukaguzi na madaraja, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1968, limeendelea kuzipima na kuzinunua kwa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Nchi ilielewa kwamba uaminifu unaovuka bahari haujengwi kwa maneno matamu ya muuzaji. Unajengwa kwa kuwapo mtu wa tatu anayekagua na kudhamini. Je, kisiwa kilichompa mnunuzi wa mbali dhamana hiyo kwa karafuu, kishindwe kumpa mwananchi wake dhamana kama hiyo kwa jokofu?

Somo hilo hilo lilifahamika China katika siku za mwanzo za biashara ya mtandaoni. Wanunuzi waliogopa kutuma fedha, na wauzaji waliogopa kutuma bidhaa. Mfumo wa Alipay ulioanzishwa mwaka 2004 uliondoa hofu hiyo kwa njia nyepesi kabisa: fedha za mnunuzi zilikaa kwa mtu wa kati, na muuzaji hakuzipata mpaka mnunuzi athibitishe kwamba amepokea mzigo wake. Miaka 10 baadaye, sheria ya nchi hiyo ikampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kurejesha bidhaa nyingi bila ya kutoa sababu. Jirani wa karibu, Kenya, kwa sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012, iliweka vifungu maalumu kwa mikataba ya intaneti, vinavyomtaka muuzaji aeleze mambo muhimu kabla ya mapatano na kumpa mnunuzi nakala yake.

NJIA ILIYO WAZI

Ni dhahiri basi kwamba dawa inajulikana. Tena Tanzania ina nyenzo ambayo nchi nyingine zingeitamani. Bidhaa inayotoka Kariakoo kwenda Unguja hupita katika mamlaka mbili. Lakini kila mauzo ya aina hiyo hupita pia katika vitu viwili ambavyo viko chini ya mamlaka moja: namba ya simu na fedha. Posta na simu ni jambo la Muungano. Sarafu na mabenki ni jambo la Muungano. Mamlaka ya Mawasiliano na Benki Kuu zinafanya kazi pande zote mbili za bahari. Tangu mwaka 2019 laini za simu zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, na mwaka 2020 zisizosajiliwa zilianza kufungwa. Muuzaji anayejificha nyuma ya picha hajifichi mbele ya dola. Anajificha mbele ya mlaji tu.

Jambo la kwanza linalotakiwa, kwa hiyo, ni Tume hizi mbili kufanya kazi kama ofisi moja kwa mambo ya aina hii. Malalamiko yanayopokelewa Zanzibar yafikishwe Bara na kushughulikiwa huko bila ya mlalamikaji kuvuka bahari, na yanayopokelewa Bara dhidi ya muuzaji wa Zanzibar yafanyiwe vivyo hivyo. Uwekwe muda maalumu wa kutoa jibu, na muda huo utangazwe. Karatasi ndiyo isafiri, si mwananchi.

Jambo la pili ni fedha. Kampuni za simu zinapata ada katika kila shilingi inayotumwa. Ni haki zitakiwe, chini ya usimamizi wa Benki Kuu, kuwa na njia ya malipo ya amana kwa ajili ya manunuzi: fedha zitoke kwa mnunuzi, zikae, na zimfikie muuzaji baada ya mzigo kupokelewa na kukaguliwa katika muda mfupi uliowekwa. Kitambo hicho kifupi kitawaondoa walaghai wengi kuliko mikutano mia ya kuwaonya wananchi.

Jambo la tatu ni jina. Anayefanya biashara ya kudumu mtandaoni ajisajili, Zanzibar kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na Bara kwa BRELA, na namba ya usajili ionekane katika ukurasa wake kama vile leseni inavyotundikwa ukutani mwa duka.

Watakuwapo watakaosema kwamba masharti hayo yatawavunja moyo vijana na akina mama wanaojitafutia riziki kwa simu zao, na kwamba serikali inawahimiza vijana wajiajiri huku ikiwawekea vikwazo. Hoja hiyo ina uzito na haistahili kupuuzwa. Ada kubwa na fomu ndefu zitawarudisha wengi katika kujificha. Usajili basi na uwe mwepesi, ufanyike kwa simu ile ile inayofanya biashara, na ada yake iwe ndogo. Lakini anayeumizwa zaidi na ulaghai ni nani, kama si kijana mwaminifu? Mnunuzi aliyeungua mara moja hamwamini tena mtu yeyote. Kila tapeli mmoja huwafungia milango wauzaji wema, ambao hulazimika kushusha bei ili tu waaminiwe. Kumlinda mlaji ni kumlinda pia mfanyabiashara mkweli.

WAJIBU WA MWANANCHI

Wakati hayo yakisubiriwa, mlaji naye asikae kimya. Sheria haimsaidii asiyekuwa na ushahidi, na ushahidi wa mtandaoni hufutika upesi. Tangazo lihifadhiwe kwa picha kabla ya fedha kutumwa, kwa kuwa baada ya ugomvi halitaonekana tena. Maelewano yafanyike kwa maandishi, na muuzaji aulizwe waziwazi: kitu ni kipya au kimetumika, kina dhamana ya muda gani, na kikiwa kibovu nani atalipa nauli ya kukirudisha? Jina linalotokea wakati wa kutuma fedha lilinganishwe na jina la muuzaji. Risiti idaiwe. Mzigo ufunguliwe papo hapo ulipopokelewa, mbele ya shahidi, na ikiwezekana upigwe picha ukifunguliwa. Kasoro ikionekana, taarifa itolewe kwa maandishi siku hiyo hiyo, na kitu kisiendelee kutumiwa wala kisipelekwe kwa fundi wa mtaani, maana fundi huyo ndiye atakayekuwa kisingizio cha nne.

Zaidi ya yote, malalamiko yapelekwe. Watu wenye elimu wana kosa moja kubwa katika jambo hili. Huona haya kukiri kwamba wameuziwa mbuzi katika gunia, na hunyamaza ili wasichekwe. Kunyamaza kwao ndiko kunakomnenepesha mlaghai, kwa sababu Tume haiwezi kufuatilia maovu ambayo haikuarifiwa. Lalamiko moja linaweza kuonekana ni ugomvi wa watu wawili. Malalamiko hamsini juu ya namba moja ya simu ni jambo jingine kabisa.

Walimu wana sehemu yao ya pekee. Mwanafunzi wa leo atanunua vitu vingi zaidi kwa simu kuliko mzazi wake. Akifundishwa hesabu ya faida na hasara, afundishwe pia kusoma tangazo, kutunza risiti na kuandika barua ya malalamiko iliyo fupi na yenye ushahidi. Somo la uraia lisiloeleza mahali pa kwenda mtu akiuziwa kitu kibovu ni somo lililokatishwa njiani. Watumishi wa serikali nao wakumbuke kwamba upande wa pili wa meza yupo mtu aliyejinyima ili anunue. Ofisa anayemwambia mlalamikaji kwamba jambo lake ni dogo hajui udogo huo umemgharimu nini.

Zilikuwapo zama, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo taabu ya mwananchi wa Zanzibar ilikuwa ni kuvipata vitu. Alipanga foleni, na alichokipata alishukuru. Milango ya biashara ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na vitu vikaja kwa wingi. Taabu ya leo ni ya aina nyingine. Vitu vipo, na bei zipo za kila namna. Kinachokosekana ni uhakika kwamba fedha halali itapata kitu halali. Boti zinavuka bahari kila siku na mizigo, na fedha zinavuka kwa nukta moja. Haki ya mlaji nayo haina budi kuvuka.